Maji Yanayokubali Sabuni

Mimi nauza beringi. Nauza beringi, mikanda ya mashine za kusaga, sili za oili na nati za kila saizi, katika duka dogo upande wa Uganda wa mji wa Busia, karibu kabisa na geti la mpaka. Hiyo ndiyo kazi yangu. Nalisema hili mapema kwa sababu siku hizi kuna watu wanaonisimamisha njiani, hata nikiwa nimebeba nyama ya jioni inayovuja kwenye gazeti, kuniuliza treni itatembea lini, utadhani nimeificha chini ya kitenge.

Treni yenyewe hata haipo. Kilichopo ni kichwa kimoja tu cha treni, cha mvuke, cha ile reli nyembamba ya zamani, kimesimama ndani ya banda la bati pale Tororo, pamoja na kipande cha reli kinachotoka bandani kuelekea vilima vya Osukuru na kuishia kwenye shamba la muhogo. Na tupo sisi wajinga wachache tuliojiapiza kwamba kichwa kile hakitakufa. Mjinga mkuu ni mzee aliyekuwa dereva wake, Mkenya, anayevuka mpaka pale Malaba kila Jumamosi akiwa amevaa ovaroli iliyopigwa pasi. Mjinga wa pili ni mimi. Baba yangu alikuwa mchochea moto wa kichwa hicho hicho, akiwa chini ya mzee huyo, nami nilizaliwa katika nyumba za reli tulizoziita Landi. Baba alishafariki. Mzee bado ananiita "toto ya Landi" mbele ya wateja wangu, mimi mwenye wajukuu.

Watu hudhani kinachoua treni ya mvuke ni kutu, au kukosekana kwa vipuri. Kutu hukwanguliwa. Vipuri huchongwa, Busia ina mafundi wanaoweza kukuchongea meno mapya wewe mwenyewe ukiwaletea chuma. Kinachotutoa roho ni maji.

Si kwamba Tororo haina maji. Inayo, tena mazuri, maangavu, ya baridi, matamu kooni. Lakini mji umekalia mawe ya chokaa, na maji ya visima vyake yanabeba chokaa ile kimya kimya. Jaribu kuyafulia. Sabuni inazunguka mkononi bila povu, na shati linakauka likisimama lenyewe. Akina mama wa huku husema maji yamekataa sabuni. Yachemshe kwenye birika kwa muda, halafu chungulia ndani: utaona ukoko mweupe umeshika chini na hautoki hata kwa kisu. Sasa chukua birika hilo, ulikuze liwe na ukubwa wa chumba, ulipitishie ndani mirija ya chuma inayobeba moto, na uwashe. Ukoko unaivaa ile mirija, joto linashindwa kupenya kwenye maji, chuma kinaungua chenyewe, na siku moja kinapasuka. Mzee hutamka neno hilo, ukoko, kwa sauti ambayo wengine huitumia kutaja ukoma.

Zamani reli ilikuwa na mtambo wake wa kulainisha maji. Sisi watoto wa Landi hatukujua habari za mtambo. Tulijua tu kwamba jioni kichwa kikirudi bandani, mama zetu walitutuma na ndoo, na baba alifungua kibomba cha pembeni, maji ya moto yakatoka kwa kelele, yananuka chuma. Mama alituogesha nayo nyuma ya nyumba, na povu lilitufunika mpaka masikioni. Tulikuwa tukichukua povu na kujibandika ndevu. Nilipoolewa Busia na kuoga kwa maji ya kisima, nilimlalamikia mume wangu kwamba ananinunulia sabuni mbovu. Nilidhani povu ni kazi ya sabuni, kumbe ni kazi ya maji.

Mtambo ule uling'olewa ukauzwa kama chuma chakavu, kama vilivyouzwa vingine vyote. Kwa hiyo sisi tunategemea mvua. Kanisa lililo jirani na banda lina paa pana, na mchungaji alituruhusu kufunga mifereji na kuelekeza maji kwenye tangi letu. Maji ya paa hushuka na vumbi jekundu, majani na mavi ya njiwa, na yakikaa huwa na rangi ya chai. Tunayachuja kwa shuka kuukuu. Kwa macho ni machafu, lakini ni laini, na mzee huyaangalia kwa mapenzi ambayo sijawahi kumwona akimwangalia binadamu. Msimu mzima wa mvua tulikuwa tukikinga tone kwa tone, huku watu wakitucheka kwamba tumeacha visima vyote hivi tunasubiri mawingu.

Kisha ikaja habari kwamba eneo lote la banda litasafishwa. Neno "kusafishwa" mahali petu lina maana moja: lori, mitungi ya gesi ya kukatia chuma, na wanaume wasiokutazama usoni. Wanunuzi wa chuma chakavu walianza kupita pita pale, wakikizunguka kichwa chetu taratibu, mmoja akikigongagonga tumboni kwa kidole. Nilimfukuza kwa ufagio. Tulihangaika mpaka tukapata ahadi moja: mkubwa mmoja kutoka Kampala atakuja kuona kwa macho yake. Kikitembea, hakikatwi. Kisipotembea, tusimsumbue mtu tena.

Basi nikawa naishi kwa ajili ya chuma. Kwanza tukagundua filimbi yake imeibiwa, ile ya shaba nyeupe inayolia juu ya paa la dereva. Nilizunguka vibanda vya chuma chakavu pande zote mbili za mpaka hadi nikaikuta Busia ya Kenya, imening'inizwa katikati ya sufuria zilizotoboka. Muuzaji aliniapia kwamba imetoka kwenye meli.

"Mama, hii ni ya meli kubwa ya ziwa. Original."

"Ni ya kwetu."

"Basi ukijua ni yenu, si unajua ni mali safi?"

Niliinunua. Ndiyo, niliinunua filimbi yetu wenyewe kwa pesa zangu, na askari wa mpakani akaniuliza kama nina kibali cha kuingiza ala za muziki. Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Zilikuwa zimebaki siku chache sana mkubwa afike. Boila, lile birika kubwa la kichwa, ilikuwa imeoshwa na iko tupu, kuni za mkaratusi zimepangwa, tangi la mvua limejaa hadi shingoni, na kiangazi kimeanza. Hakukuwa na wingu hata la kusingiziwa. Akina mama wa kanisa walikuja kuniambia wanataka kusaidia kuandaa mahali. Mwenyekiti wao ni mama kutoka kijiji cha Kisoko, mnene, mcheshi, mwenye sauti inayofika kabla yake. Nikawashukuru, nikawaomba wafyeke majani na kufagia banda, nikaenda zangu Busia kutafuta kamba ya kuzibia mvuke.

Niliporudi kesho yake walikuwa wamenipangia mstari kama bibi harusi. Majani yamefyekwa, mawe yamepakwa chokaa. Mwenyekiti akanishika mkono na kunivuta moja kwa moja hadi kwenye tangi, akafungua bomba. Maji yalitoka maangavu, yanang'aa juani.

"Mama, ona! Ile maji yenu ilikuwa chafu mno, hata ng'ombe nakataa. Sisi namwaga yote. Nasugua tangi na majivu, nasugua na mchanga, halafu nachota mpya kwa borehole. Mgeni atakuja ona maji rangi ile, atasema watu ya Tororo iko namna gani?"

Walikuwa wamepanga foleni tangu asubuhi, jerikani kichwani, kutoka kisimani hadi tangini, kwa upendo mtupu. Walikuwa wamechoka na wanatabasamu. Mimi nilipiga ukelele. Sijui nilisema nini. Najua niliitupa ile kamba chini na kwamba mchungaji alitoka kanisani mbio akidhani kuna nyoka. Nililia kwa hasira. Mtu ukichukiwa unajua pa kuanzia. Sasa hawa waliotumaliza kwa wema, nitawafanya nini?

Mzee alifika akiwa na ovaroli yake iliyopigwa pasi. Alinawa mikono kwenye lile bomba, akaisugua sabuni kwa muda mrefu, akaitazama mikono yake isiyo na povu. Alienda akaketi kwenye ngazi ya kichwa chake.

Nikamfuata. Nilikuwa tayari kukubali chochote.

"Mzee, tuyatie tu. Ni siku moja. Mkubwa akishaenda tunaosha boila."

"Siweki."

"Mara moja tu."

"Toto ya Landi, kila dereva aliyeharibu boila alisema mara moja tu. Hiyo mirija umeiona. Imebaki nyembamba kama karatasi, na ukoko wa zamani bado uko huko nyuma mahali mkono hauingii. Nikiongeza mwingine, ikipasuka, mimi ndio nasimama mbele ya huo moto. Na huyo mkubwa wenu pia atakuwa amesimama hapo na suti."

"Watakikata, mzee."

"Wakate. Mimi siweki."

Hapo nilimchukia. Nilimchukia yeye, na akina mama, na chokaa yote iliyo chini ya Tororo. Nikarudi kwa akina mama na kuwaeleza, kwa sauti niliyoikaza isipande tena, kwamba mashine hii inataka maji ya mvua peke yake, na maji ya mvua wameyamwaga, na mvua haipo. Mwenyekiti alijifuta uso kwa kanga.

"Kwa hivyo treni nataka maji ya kukubali sabuni?"

"Ndiyo."

"Si ungesema hivyo! Wewe ulisema tu maji ya treni. Sisi najua treni nakunywa nini?"

Akina mama wakatawanyika. Wao wanajua kila nyumba yenye pipa chini ya paa, nani ana mtungi wa maji ya mvua aliyoyafunika, nani anayaweka kwa ajili ya nywele za binti zake. Mimi nikapanda bodaboda hadi kijijini Buteba kwa mama mkwe, ambaye najua huweka pipa zima la mvua kwa ajili ya kupikia maharage, maana kwa maji ya kisima maharage hayaivi, yanachakaza kuni tu. Nikapiga magoti nikamsalimia, nikaeleza shida yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Treni nayo inapika maharage?"

"Hapana, mama. Inataka maji laini."

"Na mimi nitakula nini mpaka mvua inyeshe?"

Nikamwambia nitamletea mchele. Akaguna, akasema chukueni, ila pipa lirudi. Tulilipakia kwenye pikapu ya jirani nikiwa nimelikumbatia njia nzima, nalo likinimwagia maji kifuani kila kwenye shimo.

Nilikuta kichekesho kwenye geti la banda. Habari ilikuwa imetutangulia mjini, ila imefika imepinda: watu walisikia treni inataka maji machafu. Na kwa kuwa walisikia pia kwamba atakayeleta maji atapandishwa, walikuja kwa wingi, kila mmoja na jerikani ya maji ya kisima aliyoyavuruga kwa udongo. Mwenye baa moja alikuwa ametia majani ya chai. Mwenyekiti alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya geti na beseni na mche wa sabuni, anapima. Anamimina kidogo, anasugua viganja. Povu likitoka, anasema pita. Lisipotoka, anamwaga maji hapo hapo miguuni mwa mwenyewe.

"Hii nakataa. Rudi."

"Lakini ni chafu, mama! Ona!"

"Uchafu ya kwako naijua. Mimi nataka povu."

Viganja vyake vilichubuka hadi vikawa vyekundu, lakini hakupitisha jerikani moja ya uongo. Mzee alisimama nyuma yake akiyapokea yaliyokubaliwa na kuyachuja kwenye shuka, na kila mara mwenyekiti aliposema pita, yeye aliitikia kwa kichwa. Tulijaza boila hadi kwenye alama anayoitaka yeye, si zaidi.

Siku yenyewe moto uliwashwa kabla hakujapambazuka. Mkubwa alichelewa, bila shaka, na sisi tukawa tunachoma kuni na kuchungulia barabarani, na mzee akinitukana kwa Kiluhya kila mvuke ulipopuliza bure. Mkubwa alipofika, alishuka garini akiwa na viatu vyeupe. Viatu vyeupe, kwenye banda la treni. Nikasema moyoni, tumekwisha.

Lakini kilitembea. Mzee aliivuta ile filimbi tuliyoinunua, sauti ikaenda ikagonga mwamba wa Tororo na kurudi, na kile chuma kizee kikakohoa, kikateleza, kikashika reli, kikaondoka. Watu walikimbia pembeni wakipiga vigelegele. Mkubwa alikuwa juu, karibu na mzee, ameshika kofia yake na anacheka. Walikwenda hadi kwenye shamba la muhogo na kurudi, na nilimwona mzee akiegemea dirishani kwa kiwiko, vile alivyokuwa akiegemea nilipokuwa mdogo na baba yuko nyuma yake. Nililia tena, na safari hii sikuona haya.

Mkubwa akashuka, viatu vimekuwa vyeusi, akahutubia kwa Kiswahili kwa sababu alijua yuko mpakani.

"Hii mashine ni mali ya taifa! Hakuna mtu atakata. Mimi nasema, haiwezi kukaa hapa kwa majani. Tutaleta lori, tupeleke Kampala, tupake rangi, isimame mbele ya ofisi, watoto wapige picha. Kutoka leo isiguswe! Ibaki hivi hivi, vile mimi naiona leo, mpaka lori ije."

Watu wakapiga makofi. Akina mama wakapiga vigelegele. Hawakuelewa, au walielewa neno moja tu, kwamba hakikatwi. Mimi nilielewa yote. Msimu mzima wa mvua, filimbi, maharage ya mama mkwe, viganja vya mwenyekiti, halafu kichwa chetu kimenusurika na gesi ya kukatia chuma ili kikasimame baridi juu ya sakafu ya saruji, kimepakwa rangi, na njiwa juu yake. Nilitaka kumrukia yule bwana. Mume wangu alinishika mkono na kuniambia niseme asante. Nikasema asante.

Mzee alisubiri msafara wa magari uondoke. Alifungua kibomba cha pembeni, akanawa mikono kwa maji ya moto, akaisugua hadi povu likafika kwenye viwiko. Nilidhani anaaga.

"Toto ya Landi," akasema, "mkubwa amesema ibaki vipi?"

"Ibaki kama alivyoiona."

"Aliiona je?"

Nikamwuliza ana maana gani.

"Aliiona ikiwa na moto au haina?"

Lori halijaja. Huenda likaja kesho, na kila nikisikia breki za gari kubwa mbele ya duka langu, natoka mbio kuchungulia. Lakini mvua zimerudi, tangi limejaa maji ya rangi ya chai, na mwenyekiti amelifunga kwa kufuli ambayo ufunguo wake hamwachii hata mchungaji. Ikifika Jumamosi ya kwanza ya mwezi, tunakwenda bandani kutekeleza amri.

Mara ya kwanza askari aliyewekwa kulinda geti alituzuia. Ni kijana mpole, mgeni mjini, anaishi na familia yake katika chumba kimoja cha zile zile nyumba za Landi.

"Mkubwa alisema isiguswe."

"Alisema pia ibaki kama alivyoiona," mzee akamjibu. "Wewe ulikuwa hapa. Ilikuwa baridi?"

Askari alimtazama mzee, akanitazama mimi, akatazama kuni. Kisha akafungua geti, na nilipokuwa napita akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli kile kichwa hutoa maji ya moto, maana ana watoto wa kuogesha na mkaa umepanda bei.

Nikamwambia alete ndoo, na sabuni.